Swali la Kumjua Wekesa

"Na kama ni yeye?"

Mama Wekesa aliniuliza hivyo akiwa amesimama upande wa pili wa kaunta, sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake, karatasi mkononi. Nilikuwa na shahada ya falsafa. Nilikuwa nimefanya mitihani mizima kuhusu jinsi binadamu anavyojua kwamba anajua. Nilianza kutafuta stepla ambayo ilikuwa mbele yangu.

Nitarudi kwake. Kwanza niwaambie, vijana, kwa nini nawaandikia. Juzi mpwa wangu wa Donholm alinipa simu yake nisome ujumbe. Ameshinda zawadi, atume nakala ya kitambulisho kabla ya jioni, asimwambie mtu. Akaniuliza, "Shangazi, hawa ni wakora ama ni ukweli?" Nikamwambia sijui, tutafute namba ya hao watu sisi wenyewe tuwaulize. Akaniangalia kama mtu aliyeenda kwa daktari akamkuta daktari mwenyewe amelala kitandani. Katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye sifa ya kutoamini kitu. Alitaka niseme "wakora" tu, arudi kwenye shughuli zake. Na kweli walikuwa wakora, tulipouliza. Lakini kazi niliyoifanya nikiwa na umri kama wake ilinifundisha kuogopa jibu linalotoka haraka, hata likiwa sahihi, na ilinifundisha kwa bei mbaya.

Duka letu lilikuwa Makadara, karibu na mahakama. Lilikuwa la kupiga chapa. Mwenyewe aliitwa Mama Njeri, karani wa taipu tangu usichana wake, ambaye vidole vyake viliendelea kucheza juu ya meza hata alipokuwa akiombea chakula. Riziki ilitoka kwa hati za kiapo: mtu amepoteza kitambulisho, mtu jina lake limekosewa kwenye cheti cha shule, ndugu wawili wanagombania shamba na kila mmoja anaapa kwamba ndiye mkweli. Ukikaa hapo kwa muda unaona jambo moja. Mwongo na mkweli wote huapa kwa maneno yale yale, maana aliyewaandikia ni mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe.

Nilifika pale kwa sababu falsafa niliyosomea hakuna aliyekuwa akiiajiri. Mama Njeri aliniuliza kama najua kupiga taipu. Nikamuuliza kwa nini taipu ya zamani ilipangwa herufi zake bila utaratibu wa alfabeti. Akasema, "Wewe utanisumbua. Anza Jumatatu."

Faksi ilikuwapo tayari. Halafu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, alinunua kompyuta iliyotumika na kile kidude cha kuiunganisha na simu, na tukaanza kutuma imeli. Nyinyi mnazaliwa na anwani zenu mfukoni. Sisi duka zima lilikuwa na anwani moja. Mtu yeyote wa Makadara, Jericho au Maringo aliyekuwa na ndugu nje ya nchi alitumia hiyo hiyo yetu, na ndugu alitakiwa aandike juu kabisa jina la mwenye barua. Simu, faksi na imeli vilitegemea waya mmoja, kwa hiyo mtu akipiga simu, dunia nzima ilisubiri. Asubuhi na jioni niliunganisha. Kile kidude kililia kama paka aliyekanyagwa mkia, wateja wakaziba masikio, kisha barua zikaingia. Nilizichapisha, nikazikunja, nikazipanga kwenye vishimo vya rafu ya mbao aliyotutengenezea Mzee Karanja.

Mambo ya siku hizo yalichekesha. Mzee mmoja alileta bahasha iliyobandikwa stempu kabisa, akaniomba niiingize kwenye kompyuta polepole isikunjike, kwa sababu ndani mlikuwa na picha ya harusi. Mama mwingine alinitaka nipanguse kioo kabla ya kufungua barua ya binti yake. Lakini angalieni yaliyokuwa nyuma ya kicheko. Kila neno la watu hao lilipita mkononi mwangu, kwenda na kurudi. Walisema Kiswahili, Kikuyu, Kiluhya, Sheng, mimi nikaandika Kiingereza, kwa sababu tuliamini kompyuta inasikia Kiingereza vizuri zaidi. Na walikuja na swali moja, wote, kila siku: hii ni ya kweli?

Waliniita Tomaso. Wakristo wa mitaa ile walilijua jina hilo na sababu yake, yule mtume aliyetaka kutia kidole kwenye jeraha. Mzee Karanja ndiye aliyeanza. Alikuwa seremala, karakana yake ilikuwa nyuma ya duka, na kila asubuhi alichungulia dirishani akaniuliza, "Tomaso, umekunywa chai?"

"Nimeona kikombe, mzee. Chai sijaithibitisha."

"Siku utakayoolewa utamwambia kasisi akuonyeshe kitambulisho."

Tulitaniana hivyo mwaka mzima. Kisha akapata faksi.

Ilitoka, ilisema, kwa afisa mkubwa wa nchi moja ya Afrika Magharibi. Kulikuwa na zabuni ya samani za ofisi za serikali, viti na makabati, na walikuwa wanatafuta fundi mwaminifu wa Afrika Mashariki. Kumbukeni kwamba hawakumwahidi utajiri wa bure. Mtego wa pata potea, ule wa karata tatu kando ya barabara, humnasa mtu anayetaka cha bure, na Karanja alipita hapo kila siku bila kugeuza shingo. Hawa walimpa kazi. Walimwambia kuna mtu mahali fulani anayejua jinsi anavyounganisha mbao. Nani angekataa hilo?

Alinipa faksi ile akasema, "Wewe uliza. Uliza mpaka wachoke."

Nikauliza. Niliwauliza zabuni ilitangazwa wapi, kwa nini Nairobi, nani atasafirisha, mbao gani. Nilijisikia kama wakili. Majibu yalikuja siku ya pili, marefu, ya adabu, kila swali na aya yake. Waliuliza hata kama mvule wa kwetu hukauka vizuri. Nikatafuta kasoro nikakosa. Basi walipoomba karatasi tupu yenye kichwa cha karakana, iliyotiwa saini na muhuri, pamoja na namba ya akaunti yake, Karanja alitia saini juu ya kaunta yangu, na mimi nikaipitisha kwenye mashine.

Walichofanya na karatasi ile ni kuandika wenyewe barua ya Karanja kwenda kwa benki ya Karanja, ikiagiza fedha zihamishwe. Akaunti ilibaki mifupa. Mashine ya randa iliuzwa, kisha karakana, kisha akarudi Murang'a kwa mkewe. Siku ya kuondoka alichungulia dirishani kama kawaida. Hakuniuliza kuhusu chai. Alisema tu, "Sikulaumu, mama. Nilijiambia, kama Tomaso ameridhika, mimi ni nani?"

Hapo nilipaswa kujifunza jambo moja, nikajifunza lingine. Nitawaambia lile lililonipita, maana nililifahamu baadaye sana: mwongo haogopi maswali. Maswali ndiyo kazi yake. Anayemuuliza anamwambia anaogopa nini, naye anamletea dawa ya hofu hiyo hiyo. Mimi niliketi kwenye kiti changu nikamuuliza mwizi kama ni mwizi, kwa kupitia waya wake mwenyewe, kisha nikapima ufasaha wa majibu. Sikutoka kwenda kumuuliza mtu mwingine. Simu ya ubalozi wa nchi ile ilikuwa kwenye kitabu cha simu, na kitabu cha simu kilikuwa chini ya kompyuta, kimeinua kioo kifike usawa wa macho yangu.

Nililojifunza wakati ule lilikuwa rahisi: amini kidogo zaidi. Kumbe mtu anaweza kuongeza shaka kila siku na asiongeze ujuzi hata kidogo.

Nikawa mkali. Nilibandika ukutani tangazo kwamba barua za zabuni na urithi hazipokelewi hapa. Watu walinisifu. Akina mama wa kanisa waliniletea barua za watoto wao niwakague wachumba wa kalamu. Nilikuwa na dalili zangu na bado nazitumia, kwa hiyo zichukueni. Anayekuharakisha anaogopa utakutana na mtu mwenye akili njiani. Anayekutaka ukae kimya anamjua mtu huyo kwa jina. Anayesifu uaminifu wako kabla hujamfanyia lolote anakupima shingo. Na barua ikiomba karatasi zako, kitambulisho, cheti, saini, ujue karatasi ndizo mali yenyewe, hata kama hakuna shilingi iliyotajwa.

Dalili hizo ni nzuri. Ila dalili ni kama homa. Inakuambia mtu anaumwa, haikuambii anaumwa nini.

Sasa Mama Wekesa.

Alikuwa fundi wa nguo, mwenyeji wa Bungoma, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka letu. Alishona sare za shule. Januari hakulala, Agosti alishona shela za harusi. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, Wekesa, aliyeacha shule kidato cha pili na baadaye akaondoka na wenzake kwenda kusini, Johannesburg, wakati ambapo kila kijana wa Jogoo Road alikuwa na habari za mtu aliyefanikiwa huko. Waliachana vibaya. Mama alimwambia kwamba akitoka kwenye mlango ule asirudi kuomba kitu. Alinisimulia mwenyewe, akiuma uzi, akasema, "Mtu husema. Na mtoto hutembea na yale uliyosema."

Baada ya hapo kimya, mwaka baada ya mwaka. Kila jioni niliposhusha barua alisimamisha cherehani. Hakuuliza kitu. Miguu yake ilitulia tu mpaka nimalize kuzikunja, kisha gurudumu likaanza tena.

Siku moja barua ikaja, juu yake jina lake.

Ilikuwa ya Kiingereza. Ilianza kwa kumtakia mama mpendwa afya tele kwa neema ya Mwenyezi. Ilisema mwandishi amepoteza pasipoti, kwamba hawezi kufanya kazi wala kusafiri bila karatasi, na kwamba ubalozi utamsaidia ikiwa ataonyesha anakotoka. Basi kwa unyenyekevu mkubwa anaomba atumiwe kwa faksi nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, nakala ya kitambulisho cha mama, na barua yenye saini ya mama kwamba huyu ni mwanawe. Haraka, tafadhali, kabla muda aliopewa haujakwisha. Anwani ya duka letu, ilisema, ameipata kwa kijana wa Maringo.

Nilimsomea kwa Kiswahili, polepole. Alishika ukingo wa kaunta.

"Soma tena pale mwanzo," akasema.

Nikasoma.

"Wekesa hasemi hivyo. Huyo ni padri."

Mimi tayari nilikuwa nimehesabu dalili zangu, na za kunitosha zilikuwapo: haraka, karatasi, saini, uungwana wa kupindukia. Mbele yangu niliona karatasi tupu ya Mzee Karanja. Kijana wa kidato cha pili hawezi kuandika Kiingereza kile. Kijana wa Maringo anaweza kuwa yeyote, na historia ya mama huyu ilijulikana na kila aliyepita barazani. Nikamwambia yote hayo. Nilikuwa mwangalifu, sikutaka kumwumiza, lakini nilikuwa na uhakika. Mtu mwenye uhakika huumiza hata akinong'ona.

Mama Njeri alikuwa akisikiliza kutoka nyuma. Akasema, "Si mpige simu? Kuna namba ya duka la huko hapo chini."

Nikasema simu ya kusini ni ghali, na tutamlipia mwongo ili tusikie sauti yake. Na akiitwa Wekesa ataitika, kwani ataitika nini kingine? Mama Wekesa alisema angeuza kitambaa cha sare alipe simu. Nikamwambia asiuze kitu bado, kuna njia bora. Tumuulize jambo ambalo Wekesa peke yake anaweza kulijua.

Swali alilitoa mama mwenyewe. Wekesa alipewa jina la babu yake, baba wa baba. Na bibi yake, mpaka alipofariki, hakumwita Wekesa wala mjukuu. Alimwita mume wangu. Mtoto akija amejaa matope, bibi aliuliza, mume wangu umetoka wapi? Mtoto akilia njaa, bibi aliwakaripia akina mama, mbona mume wangu hajala? Mama Njeri alicheka, akasema hata kwao Nyeri ni hivyo hivyo, kaka yake alikuwa na wake wawili kabla hajaanza shule. Wateja waliokuwa kwenye foleni wakaingilia, kila mmoja na wake. Duka zima lilikubali: hilo ni swali la haki. Mkora hawezi kulibahatisha. Mtoto hawezi kulisahau.

Mama aliniambia niandike hivi: "Wekesa, kama ni wewe, bibi alikuwa anakuita nani?" Basi. Mimi nikaona ni fupi mno, haina heshima. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba tumepokea barua yake kwa furaha, na kwamba kabla ya kushughulikia ombi lake tungependa atuthibitishie, kwa wema wake, jina ambalo marehemu nyanya yake alizoea kumwita. Nikatuma.

Cherehani haikulia sawasawa siku zile. Mshono mmoja alioufanya wakati huo ninaukumbuka, koti la shule ambalo mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, na mwenye koti akalipokea bila neno kwa sababu alijua mama anasubiri nini. Mtaa wote ulijua. Waliopita barazani walimsalimu kwa sauti ndogo, kama nyumba yenye mgonjwa.

Jibu likaja. Lilikuwa la adabu kama la kwanza. Lilisema anaelewa wasiwasi wa mama. Lilisema kwamba nyanya yake mpendwa, Mungu amlaze pema, alizoea kumwita mjukuu wangu.

Nilimsomea. Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Njeri aligeuka akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangika. Mimi, niwaambie ukweli, nilisikia kitu kama ushindi, halafu nikamtazama mama na ushindi ukanitoka.

Alichukua karatasi, akaigeuza akaangalia nyuma yake, upande usioandikwa kitu. Ndipo aliponiuliza lile swali nililoanza nalo, na kama ni yeye.

Nilipoacha kutafuta stepla nilimwambia, "Mama, ungempa mtu huyu jina la mwanao na saini yako, halafu siku Wekesa mwenyewe atakapokuja, akute kuna mwingine anatembea na jina lake." Ilikuwa hoja nzuri. Angalieni tu kwamba haikuwa jibu.

Hakutuma karatasi. Ilikuja barua moja zaidi, fupi, ikiuliza kama ya kwanza ilifika. Nilimpa. Alisema, "Wacha achoke." Watu wa foleni walisema hivyo hivyo, kwamba wakora wakikosa huchoka. Na kweli, hazikuja tena. Tulikichukua kimya kile kuwa ushahidi. Duka lilipata sifa. Mama mmoja wa Kaloleni alisimulia kanisani jinsi Tomaso alivyomnasa mkora kwa jina la bibi, na Jumatatu wateja wakaongezeka.

Mama Wekesa aliendelea kusimamisha cherehani jioni. Hilo ndilo lililonisumbua. Kama alikuwa ameamini hoja yangu, alikuwa anasikiliza nini?

Vijana, naona mnataka niwape kanuni. Ninazo, zisizozidi kiganja. Usimthibitishe mtu kwa njia ile ile aliyokujia. Akikuandikia, mpigie. Akikupigia, kata simu, tafuta namba mwenyewe mahali pengine kisha upige. Akisema anatoka benki, nenda benki. Akisema ni ndugu yako amekwama, mtafute mtu aliye karibu naye akamwone kwa macho. Hiyo inakulinda na mwongo, na inamlinda mkweli dhidi yako. Ni kazi, inachosha, inakula nauli. Shaka ya kukaa kitini haina nauli, ndiyo maana tunaipenda.

Nyingine alinifundisha Mama Njeri, na najuta kwamba alinifundisha mwaka mmoja baada ya mambo haya, mteja mwingine alipoogopa kutoa nakala ya kitambulisho. Alichukua kalamu ya wino mweusi akaandika mshazari juu ya nakala, toka kona hadi kona, kwamba karatasi hii ni kwa ajili ya jambo fulani tu na si jingine, akatia tarehe. Makarani wa mahakamani walifanya hivyo tangu zamani. Mwizi akiipata hana la kufanya nayo. Nilimtazama akiandika, nikatazama nje barazani. Tungeweza kumtumia mtu wa Johannesburg karatasi zilizoandikwa mshazari, kwa ubalozi tu. Angekuwa mkora, angepata takataka. Nikamuuliza Mama Njeri kwa nini hakusema siku ile. Akajibu, "Mlikuwa mmeshapata swali zuri. Nani angewasikiliza?"

Tena fanyeni hivi: msimwachie mtu mmoja kazi ya kutilia shaka kwa niaba ya mtaa mzima. Mtaa ukishampata Tomaso wake, wengine wote hupumzika. Karanja alipumzika kwangu. Mama Wekesa naye alipumzika, au alijaribu.

Simu za mkononi zilipofika, duka letu liliishiwa wateja taratibu, kisha likawa la kuuza chipsi. Mama Njeri alirudi Nyeri. Mimi nilihamia kampuni moja ya mawasiliano, upande wa malalamiko, nikakaa huko nikiwasikiliza waliotapeliwa mpaka nilipostaafu. Mama Wekesa aliugua, akapelekwa nyumbani Bungoma, na huko akazikwa. Nilikwenda mazishini. Cherehani ilikuwa imewekwa kando ya jeneza, imefunikwa kitambaa cha sare ya kijani.

Ilikuwa baada ya hapo, miaka mingi baada ya hapo, nikiishi Donholm, mtu alipogonga geti. Mwanamume mrefu, mvi kidogo, Kiswahili chake kimechanganyika na lafudhi ya kusini. Alisema ameelekezwa kwangu na watu wa Makadara, kwamba mimi nilifanya kazi na mama yake. Sikuhitaji kumuuliza jina. Alikuwa na paji la uso la mama yake na namna yake ya kusimama akisubiri, miguu pamoja, kama iliyo juu ya pedali.

Nilimkaribisha, nikampa chai. Alizungumza bila hasira, na hilo lilikuwa zito kuliko hasira. Alisema aliishi huko bila karatasi muda mrefu, akifanya kazi za kujificha, mpaka serikali ya kule ilipotoa nafasi watu kama yeye wajiandikishe. Kurudi hakungewezekana mapema. Alipopata pasipoti alikuja moja kwa moja, akakuta kaburi limeshaota nyasi. Alisema aliwahi kumwandikia mama, na mama hakumtumia alichoomba, na hakumlaumu, kwa sababu alikumbuka maneno ya mlangoni. Aliamini miaka yote kwamba kimya kile ndicho kilikuwa jibu la mama.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kuhusu cherehani iliyosimama jioni. Nilimwambia kuhusu barua zile za Kiingereza cha padri, na jinsi mama alivyotaka kuuza kitambaa apige simu, na nani aliyemzuia. Mwisho nilimwambia kuhusu swali, na kwamba jibu lililokuja lilisema mjukuu wangu.

Alizungusha kikombe. Kisha akaniambia kwamba yeye hakuandika barua yoyote kwa mkono wake, kompyuta hakuijua. Palikuwa na duka kama letu, na karani nyuma ya kaunta, mzee mwungwana wa huko aliyewaandikia wageni wote. Wekesa alimwambia, bibi yangu aliniita mume wangu. Yule karani akatabasamu, akasema kijana, hakuna bibi anayesema hivyo, mama yako atadhani umelewa, ngoja nikuwekee vizuri.